Shajara ya mradi: Toyota Isis kwa familia ya watu saba

Jumamosi, 10 Januari

Mahitaji kwanza, gari baadaye. Nyumbani tuko saba: mimi na mke wangu, watoto wanne, na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua. IST tuliyonayo ina viti vitano. Bajeti ni shilingi milioni 13, na ndani yake lazima ibaki ya matengenezo ya mwanzo, maana gari la mkononi lisilodai kitu wiki ya kwanza sijawahi kuliona. Matumizi ni shule na kazini hapa Dar es Salaam, na Morogoro kwa wakwe kila sikukuu.

Majina yaliyokuja mezani ni yale yale. Noah kila mtu anaitaja, lakini Noah za bei yetu nyingi zimeshapiga kazi ya abiria, na gari lililopiga kazi ya abiria hata lipakwe rangi mpya linajulikana ukishika tu mlango. Wish iko chini, spea zake zimejaa, ila milango yake ya nyuma ni ya kawaida na kwenda kiti cha tatu ni kujikunja. Ipsum ya toleo la pili ina injini ya lita 2.4, nayo mke wangu aliikataa kabla sijamaliza sentensi. Ikabaki Isis.

Isis ilianza kuuzwa Japani Septemba 2004 ikichukua nafasi ya Gaia, na Toyota ikaacha kuitengeneza Desemba 2017 bila kuleta nyingine ya aina yake. Viti saba, milango ya nyuma ya kusukuma pande zote mbili, na sakafu ya chini. Kwenye karatasi inafaa. Swali alilouliza mke wangu ndilo lililopaswa kuulizwa: "Sasa hilo gari halitengenezwi tena. Likiharibika vitu tutavitoa wapi?"

Jumatatu, 12 Januari

Jibu la swali hilo nimelitafuta usiku mzima na limebadilisha namna nitakavyokagua.

Gari likiachwa kutengenezwa halifi lote kwa siku moja. Lina vitu vya ukoo na vitu vyake peke yake. Isis nyingi za lita 1.8 zilizopo mjini zina injini ya 1ZZ-FE, ile ile iliyowekwa kwenye Corolla, Premio, Allion na Wish. Ukoo huo ni mkubwa, na spea zake zitauzwa hapa mjini miaka mingi bado. Lakini milango, reli zake, raba, vioo, taa za nyuma, plastiki za ndani, hivyo ni vya Isis tu. Vikivunjika unategemea Isis nyingine iliyokatwa mahali fulani.

Kwa hiyo ukaguzi utaenda kinyume na mazoea: bodi na milango kwanza, injini mwisho. Injini mbovu ya 1ZZ inabadilishwa kwa siku mbili. Mlango mbovu wa Isis unaweza kukusumbua hadi uuze gari.

Fundi wangu nilipomweleza alicheka. "Mkubwa, unanunua gari au unanunua mlango?"

Nikamwambia vyote viwili.

Upande wa injini, nimeandika namba za chesisi kwenye simu ili dalali asinichezee. ZNM10 ni lita 1.8 yenye 1ZZ-FE na gia boksi ya otomatiki ya gia nne. ANM10 ni lita 2.0 yenye 1AZ-FSE, ambayo ndiyo ile ya D-4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na imefungwa na gia boksi ya CVT, ile ya otomatiki isiyo na gia za kuhesabu. Kuanzia mwaka 2009 zikaja zenye Valvematic, mfumo wa Toyota unaobadilisha kiasi valvu zinavyofunguka, ZGM10 ya 1.8 na ZGM11 ya 2.0, zote CVT.

Hapa mjini D-4 ina jina baya, na si uzushi wote. Petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna cha kuziosha na masizi yanaganda pale. Pampu yake ya presha kubwa haipendi petroli chafu. Na fundi wengi wa mtaani hawana subira nayo. Ukiwa na fundi anayeijua na unanunua mafuta kituo kinachoaminika, inakaa. Mimi fundi wangu anaijua 1ZZ kwa kufumba macho, basi nimeifuata 1ZZ. Nayo ina tabia yake: zile za mwanzo zilijulikana kwa kula oili, kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo na yakiziba, oili inapanda kuungua. Toyota walilirekebisha hilo baadaye. Kwa hiyo hata kwenye 1ZZ mwaka wa kutengenezwa ni wa kuuliza, na kijiti cha oili ni cha kuchomoa.

Valvematic zinatumia mafuta vizuri zaidi, lakini bei zake zimezidi mfuko wetu. Na kuagiza Japani sikufikiria kwa muda mrefu. Mamlaka ya Mapato, TRA, inatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 asilimia 15, lililozidi miaka 10 asilimia 30, juu ya kodi nyingine zote. Isis changa kuliko zote imeshafika kwenye fungu la kwanza, na hizo za 1ZZ zote ziko kwenye la pili. Wenzetu wa Kenya hawana hata hilo la kujadili. Sheria yao hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Isis zilizobaki kule ni za kuuziana wenyewe kwa wenyewe. Sisi tunatafuta namba D, yaani gari lililokwisha kusajiliwa hapa Tanzania kwa namba inayoishia na mfululizo wa D, iliyokwisha kulipiwa kila kitu.

Jumamosi, 17 Januari

Gari la kwanza, yadi moja barabara ya kwenda Mwenge. Isis ya toleo la Platana, nyeupe, lita 2.0, imeoshwa mpaka matairi yanang'aa. Dalali alikuwa na neno moja tu: "Boss, hii ni kama mpya, kilomita elfu sabini na nane."

Nilifungua mlango wa dereva na kuinama kuangalia ubavuni mwake, pale wanapobandika stika za huduma. Magari ya Japani huja na stika ndogo ya kubadilisha oili, imeandikwa kwa kalamu: tarehe na kilomita. Hii ilikuwa imechubuliwa nusu kwa ukucha, lakini mstari wa chini ulibaki. Mwaka umeandikwa 25, yaani mwaka wa 25 wa enzi ya Heisei, ambao ni 2013, na mbele yake 112,400. Miaka yote hii baadaye dashibodi inasema 78,000. Nilimwonyesha dalali. Akaangalia, akasema hiyo labda ilikuwa ya gari lingine. Stika ya gari lingine, ubavuni mwa mlango wa gari hili.

Kilomita nyingi si dhambi. Ningeweza kununua gari lenye laki mbili kama limetunzwa. Ila yadi inayorudisha kilomita nyuma sina sababu ya kuamini kitu kingine inachoniambia, kwa hiyo hata boneti hatukufungua. Fundi alisikitika kidogo, alikuwa amekuja na mashine yake ya kupimia.

Jumatano, 21 Januari

Kabla ya kuangalia gari jingine nimepita kwenye spea, Gerezani na Ilala, kupima ule uhakika wangu wa vitu vya ukoo.

Plagi, filta, breki pedi, injini maunti (raba zinazoshikilia injini), pampu ya maji, sensa za 1ZZ: kila duka, mpya za ngazi tatu za bei na za mtumba kutoka Japani. Shokapu zipo, na hapa muuzaji alinipa neno zuri: nisitaje jina la gari peke yake, nije na iliyochomolewa tuilinganishe mkononi, kwa sababu vitu vya chini vya Isis na Wish watu wanavichanganya na vingine vinafanana bila kuingiliana.

Kisha nikauliza raba ya mlango wa kushoto wa Isis. Maduka mawili walitikisa kichwa. La tatu kijana akapiga simu, akaongea, akakata. "Kaka, ipo gari imekatwa, lakini raba zimeshaenda. Acha namba." Roli za mlango, yale magurudumu madogo yanayotembea kwenye reli, alikuwa nazo, mtumba, akaniletea tatu kwenye kikopo. Taa ya nyuma ya kushoto alikuwa nayo moja tu na bei yake ilikuwa ya mtu anayejua anayo peke yake.

Nimerudi na jibu la mke wangu likiwa kamili.

Jumamosi, 24 Januari

Gari la pili, Tabata, kwa mwenyewe, si yadi. ZNM10 ya rangi ya fedha, namba D ya mwanzo, iliyotengenezwa 2007. Mwenye gari ni mama mtu mzima, ana watoto ambao wamekua wakahama. Kilomita 164,000, na stika ya mwisho ya Japani inasema 91,000, kwa hiyo hesabu inakwenda mbele kama inavyotakiwa. Nilimsalimu shikamoo, akatukaribisha maji, akasema, "Baba, kagueni mnavyotaka, mkimaliza tutaongea." Mwenye gari anayekuachia funguo na kuingia ndani ni dalili ninayoipenda.

Tukaanza na mlango wa kushoto. Huo ndio unaoifanya Isis kuwa Isis. Upande huo hauna nguzo ya katikati. Nguzo imefichwa ndani ya milango yenyewe, na milango ikifungwa inajishika juu kwenye paa na chini kwenye kizingiti. Ukifungua wa mbele na kusukuma wa nyuma, ubavu mzima uko wazi kuanzia dashibodi hadi kiti cha nyuma. Nasi tunaendesha kushoto, kwa hiyo uwazi huo unaangalia ukingo wa barabara na si bodaboda zinazopita. Upande wa dereva una nguzo kama kawaida.

Jambo la kwanza ni kusimama nyuma, hatua kadhaa, na kuangalia mistari ambapo milango inakutana. Gari lililogongwa ubavuni halifichi hapo. Nafasi itakuwa nene juu na nyembamba chini. Ya huyu mama ilikuwa sawa. Kisha nikazima injini na kusukuma mlango kwa mkono, taratibu, nikiwa nimeweka kiganja kingine juu ya bati. Ulikwenda vizuri hadi katikati, ukakwama kwa mkwaruzo mdogo, ukaendelea. Nikapiga magoti na kuangalia reli ya chini kwa tochi ya simu. Kulikuwa na mchanga umeshikana na grisi ya zamani ukawa mgumu kama gundi ya fundi viatu, na chini ya huo mchanga roli moja ya plastiki ilikuwa na ubapa upande mmoja. Ndiyo iliyokuwa ikikwama. Reli yenyewe haikuwa imeliwa, wala haikuwa na kutu ya kutoboa. Roli ninayo kikopo kizima Ilala.

Kwa umeme, mlango huo unafunguka kwa swichi ya dereva. Tuliufungua na kuufunga mara nyingi, mara ya mwisho nikaweka mkeka wa gari uliokunjwa njiani: mlango ukagusa, ukarudi. Kama usingerudi ningeondoka, nina mtoto wa miaka minne anayependa kuweka vidole kila mahali.

Raba kati ya milango miwili imechanika pembe ya chini, urefu wa kidole. Niliomba maji. Kijana wa nyumbani akaleta mpira, tukamwagia ubavu huo kwa dakika kadhaa huku fundi amekaa ndani na karatasi za chooni amezipanga kwenye kizingiti. Matone yaliingia pale palipochanika, kwingine kukavu.

Halafu zulia. Mjini kwetu kila masika kuna magari yanalala ndani ya maji bondeni, na baada ya miezi mitatu yanauzwa yakinukia manukato. Tuliinua zulia la kiti cha tatu na la miguuni kwa dereva. Chini kulikuwa na vumbi kavu, hakuna tope wala mistari. Na mikanda yote nilivuta hadi mwisho kabisa, kwa sababu muuzaji husafisha ile sehemu inayoonekana tu na tope hubaki kwenye futi ya mwisho. Mikanda ilikuwa safi. Wa katikati kiti cha pili ulikuwa mgumu kurudi.

Injini sasa. Ilikuwa imelala usiku kucha, tulimwomba mama asiiwashe kabla hatujafika. Iliwaka mara moja, bila moshi wa bluu. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, imetulia, ila ukiweka D huku umeshika breki usukani unatetemeka kidogo, na fundi akasema bila kuinua kichwa: maunti. Kijiti cha oili kilisoma chini kidogo ya katikati, rangi nyeusi ya kawaida. Alichomoa plagi zote nne: tatu kavu rangi ya udongo, ya nne ina unyevu wa oili kwenye nyuzi. Anafikiri ni raba za visima vya plagi, si pistoni. Mashine haikuonyesha kosa lolote jipya. Hidroliki ya gia boksi, yaani mafuta yake, ilikuwa imeanza kukolea rangi lakini haina harufu ya kuungua.

Radio ya Kijapani inaishia 90, na skrini inadai kadi ambayo hakuna mtu Tanzania nzima anayo. Hilo halikuingia kwenye mazungumzo ya bei.

Jumamosi, 31 Januari

Jaribio la familia. Mama mwenye gari alikubali tulichukue asubuhi moja, yeye mwenyewe akiwa mbele, mke wangu akabaki nyumbani ili tuwe saba.

Mama yangu ndiye niliyemwangalia. Kwenye IST huwa anageuka, anakaa, kisha anainua mguu mmoja mmoja kwa mkono. Hapa alisimama kwenye ukingo, mlango wote wazi, akaingia kwa hatua moja kisha ya pili, akakaa. Akasema, "Mwanangu, hili limejengwa na mtu mwenye mama." Bei ilipanda pale pale, maana mwenye gari alisikia.

Kiti cha tatu ni cha watoto, na asiwepo wa kukudanganya vinginevyo. Kijana wangu wa miaka 14 magoti yalimfika karibu na kifua; wa miaka 10 na wa 8 walikaa vizuri. Na vikisimamishwa viti hivyo, nyuma inabaki nafasi ya mabegi machache ya shule yakipangwa wima. Ndoo ya maembe haiingii. Ukivikunja vinazama sakafuni na unapata nafasi ya kweli, lakini hapo ni watu watano tena. Kwa hiyo safari ya Morogoro ya watu saba ni ya keria juu ya paa au ya mizigo kutangulia na basi. Nimeliandika hili kwa herufi kubwa kwenye daftari kwa sababu ndilo wanaouza hawalisemi.

Matuta ya kuelekea Segerea, watu saba ndani: nyuma ilikaa chini na kwenye tuta moja kali tukasikia ekzosti inagusa. Gari liko chini, hilo ndilo linalompendeza mama na hilo hilo ndilo linaloparua. Shokapu za nyuma zimechoka pia. Baada ya kila tuta lilinesa mara kadhaa. Kwenye barabara ya vumbi nilizima radio na kusikiliza ubavu wa kushoto. Mlio mdogo wa plastiki, si wa chuma. Kiyoyozi kinafika hadi nyuma, ila watoto wa nyuma walilalamika dakika kumi za mwanzo.

Jumanne, 3 Februari

Hati. Kadi ya gari ni halisi na jina ni la yule mama, si la mtu wa tatu aliyekwenda Afrika Kusini. Namba ya chesisi na ya injini zinalingana na za kwenye bati. Faini za polisi zilikuwapo mbili za mwendo, maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, yalikuwa na deni dogo. Alilipa vyote siku hiyo hiyo, tukahakiki kwa simu. Bima ndogo inakaribia kwisha, stika yake imeonekana kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Hakuna mkopo uliowekewa gari hili dhamana.

Alhamisi, 5 Februari

Alianzia milioni 12.5. Sikuponda gari, maana mtu aliyelitunza gari lake ukiliponda anakuuzia kwa hasira au hakuuzii kabisa. Nilimwekea orodha mezani: shokapu, maunti, roli, raba ya mlango, matairi mawili yaliyobaki na mistari kidogo. Raba ndiyo niliyoiongelea zaidi, kwa sababu ndiyo isiyopatikana. Tukashuka hadi milioni 10.9, na sharti lake moja ni kwamba lile begi la spea lililo nyuma ya gari nilichukue lote, anataka nafasi stoo. Ndani yake kulikuwa na taa ya nyuma ya kushoto, haijatumika.

Mkataba tuliandikia kwa wakili, tukaanza kuhamisha umiliki TRA. Ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei, na ada nyingine ndogo ndogo.

Jumamosi, 14 Februari

Gereji siku nzima. Shokapu zote nne, 480,000, mtumba wa Japani, zililinganishwa mkononi kama nilivyoelekezwa, na za kwanza zilizoletwa zilikataa: urefu ulikuwa sawa, mguu wa chini tofauti. Injini maunti moja, 90,000. Raba za visima vya plagi zilibadilishwa pamoja na ya kava ya valvu, na plagi mpya nne. Oili ya injini na filta. Hidroliki ya gia boksi ilimwagwa na kujazwa ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu. Hatukuisukuma yote kwa mashine, fundi hapendi kuiosha gia boksi ya umri huu kwa presha, na kwenye hilo namsikiliza. Matairi manne ya 195/65R15 nilinunua yote mapya, 640,000. Watu saba ndani ya gari, tairi si mahali pa kubania.

Reli ya mlango ndiyo iliyochukua muda. Mchanga ule haukutoka kwa maji. Tulitumia mafuta ya taa, brashi ya meno na bisibisi iliyofungwa kitambaa. Roli ya mtumba ilikaa bila ubishi. Fundi alitaka kujaza grisi, nikakataa: grisi ndiyo iliyokamata mchanga mwanzoni. Tumeweka silikoni ya kupuliza, kidogo. Mlango sasa unakwenda hadi mwisho bila kusita, na mota yake inasikika imepumzika.

Raba bado. Tumeziba kwa gundi ya kioo cha gari kwa muda.

Jumatatu, 6 Aprili, Pasaka

Tulitoka Ijumaa Kuu alfajiri, watu saba, mizigo mikubwa imetangulia na basi. Dar hadi Morogoro ni takriban kilomita 190, na foleni ya Kibaha ilikuwa ile ya sikukuu. Injini ya 1.8 ikiwa na watu saba si ya kushindana. Kuyapita malori baada ya Chalinze unapanga mapema, unashusha gia, unasikia injini inapiga kelele, unapita. Asiyependa hilo anunue ya 2.0. Mimi barabara ile ya vibao vya 50 na askari wa tochi sioni ningeifanyia nini nguvu zaidi.

Mafuta nilipima kwa kujaza hadi juu na kujaza tena. Safari ilitoa kilomita 11.1 kwa lita, na mjini mwezi wa Machi ilikuwa 8.6, kiyoyozi kikiwaka. IST ilikuwa inafanya vizuri zaidi, lakini IST ingekwenda mara mbili. Tangi ni lita 60, kwa hiyo bei kikomo ya mafuta ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ikitangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, sasa nyumbani inasikilizwa kwa makini kuliko zamani.

Oili: kati ya Februari na leo imeshuka kwa upana wa kucha kwenye kijiti. Nitaendelea kuipima kila Jumamosi kabla ya kuwasha. Ikifika lita moja kwa kilomita elfu, nitaanza kutenga fedha za injini nyingine. Joto halikupanda hata mara moja, hata kwenye foleni.

Mvua ya masika ilitukuta Mikese. Gundi imeshika, mkeka wa kushoto ulibaki mkavu, ila upepo unapiga filimbi pale kuanzia kilomita 80 kwa saa. Mama alilala hadi Msamvu.

Gharama hadi sasa, gari, matengenezo na kuhamisha umiliki: bado ndani ya milioni 13, kwa tofauti ndogo. Bima kubwa sijaihesabu humo.

Yaliyobaki: mkanda wa katikati unaorudi kwa shida, lazima ufunguliwe na kusafishwa kabla ya shule kufunguliwa. Keria ya paa, nimepewa bei mbili. Ekzosti kuinuliwa kwa kubadilisha raba zake za kuning'inizia. Na kijana wa Ilala amepiga simu leo mchana: kuna Isis imegongwa mbele imeletwa kukatwa, ubavu wa kushoto mzima, raba ipo, anataka 150,000. Nimemwambia asiichomoe hadi nifike, nataka niitoe mwenyewe na fundi, isikatwe pembeni.